Kiwanja Namba Kumi na Tisa

Januari, pwani ya Oregon, nusu bei.
Mlinzi wa kambi, Bi Darlene, koti la mvua la njano,
anatuongoza kwa kurunzi: rudi, rudi, kata kushoto, basi.
Wendell anairudisha nyumba kinyumenyume
na vikombe vyangu kabatini vinapiga makofi.

Hiki ndicho kiwanja chetu sasa:
mita kumi na mbili za kokoto, bomba moja, soketi moja,
meza ya mbao iliyoota kuvu,
na hati yetu ya umiliki, karatasi iliyobanwa kiooni,
inayokwisha Alhamisi saa tano asubuhi.

Kule Spokane tulikuwa na kingine,
chenye mcheri, na hati isiyokwisha.
Tulikiuza Septemba. Wendell alisema
konokono hadaiwi na benki.
Nilicheka. Konokono pia hana mke
wa kumuuliza usiku wa manane:
hita imezimika, au umeizima?

Ameizima. Gesi imepanda, anasema,
na mablanketi yapo matatu.
Tunalala na soksi, na kofia, na kinyongo,
mgongo kwa mgongo,
na huko nje bahari inabomoa kitu usiku kucha
bila kukimaliza.

Asubuhi mpira wa maji umekuwa fimbo.
Wendell anaukunja, unakataa.
Anautukana, unakataa.
Ndipo anatoka jirani wa namba ishirini,
mzee Toivo Lahti, mjukuu wa Wafini
waliotia samaki makoponi Astoria,
kandambili juu ya soksi za sufu,
na mkononi mashine ya kukaushia nywele,
ya rangi ya waridi.
Ya Aune, alisema.
Tukatazama kichwa chake, kipara kama yai,
hatukuuliza.

Aliupuliza mpira ule pima kwa pima,
polepole, akiuinua na kuulaza
kana kwamba una utosi.
Maji yakakohoa,
yakatema kipande cha barafu,
yakaja.
Wendell akaingia ndani kuwasha hita.
Sikumwambia.

Jioni tulimwalika supu ya kombe.
Alikuja na kiti chake mwenyewe,
maana anazijua nyumba hizi: viti viwili, basi.
Alitueleza kwa nini huegesha kinyume na wenzake,
mlango ukielekea vyoo vya kambi,
dirisha la jikoni likielekea mawimbi:
Aune aliosha vyombo huku akihesabu nyangumi
wanaoteremka kusini kuzaa.
Majira kumi na moja ya baridi, sinki lile lile.
“Alifikisha wangapi?”
“Mia nne na sita.” Akapuliza kijiko.
“Lakini alikuwa anadanganya.”

Mgeni siku mbili; ya tatu, mpe jembe.
Hapa ya nne hupewi kitu,
unaonyeshwa geti.

Alhamisi, saa nne na nusu, mvua ya kulala.
Natafuta ufunguo wa tangi la maji machafu
katika koti la Wendell,
nakishika kitu ninachokijua kwa kidole gumba kabla ya macho:
meno matatu mafupi, moja refu,
mlango wa mbele, Spokane.
Kumbe.
Nikaurudisha mfukoni, chini ya risiti, ulipokuwa.
Nikaenda kwenye kopo la chai,
nikalitikisa sikioni.
Wa kwangu ukaitikia.

Tulimwaga tulichopaswa kumwaga,
tukakunja mpira, umelegea sasa, mtiifu.
Bi Darlene aliinua mkono bila kutoka kibandani.
Toivo hakutoka; pazia lake lilikuwa wazi
na bomba la jikoni linatiririka.

Barabarani Wendell aliuliza, kaskazini au kusini,
kama mtu anayeuliza chumvi.
Nilikuwa nimegeukia upande wa maji,
kijivu juu ya kijivu,
na kitu cheusi kikainuka, au hakikuinuka,
mbali, nyuma ya mstari wa povu.
“Mmoja,” nilisema.
Huenda lilikuwa jabali.